Walipopima Kama Mimi ni Wake

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kliniki, koo lilikuwa linamsumbua. Muuguzi akararua pakiti, akatoa kijiti chenye pamba nchani, akamwambia afungue mdomo. Nikaisikia harufu ile, plastiki mpya iliyochanganyika na spiriti. Ilibidi nishike ukingo wa kitanda. Muuguzi akaniuliza kama nimekula.

Mimi si mtu wa kulegea ovyo, na wanaonijua Kisumu hii watakuambia. Nina diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Iko kwenye fremu sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa kwenye kiti chochote ataiona. Nimetengeneza mitambo ya baridi katika nchi nne za Ghuba na kwenye meli mbili, huku wanaume niliosafiri nao wakizimia kwa joto. Pasipoti yangu ya kwanza ilijaa mihuri kabla ya kuisha muda wake. Nilirudi kwa hiari yangu, nikajenga chumba cha barafu karibu na ufuo, halafu cha pili, na samaki wengi mnaowala mjini wamelala kwangu kwanza. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeshikilia kitanda kwa sababu ya kijiti cha pamba.

Tulikuwa tunakaa Nyalenda, mimi, kaka yangu Otieno tuliyemwita Oti, na Dani, yaani nyanya yetu. Dani alikaanga na kuuza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishaondoa minofu. Nguo zetu zilinuka mafuta ya samaki hata baada ya kufuliwa, na shuleni tulijulikana kwa harufu hiyo kabla ya kujulikana kwa majina. Mama yetu, Rosa, alikuwa majuu akitunza wazee wa watu. Aliondoka nikiwa darasa la kwanza. Alituachia sweta lake la kijani, kikombe cha bati cha bluu kilichobanduka rangi ukingoni, na sauti yake kila Jumapili baada ya kanisa, katika simu ya Dani iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke.

Kila Jumapili alisema kitu kilekile: anatuombea karatasi. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka jinsi neno karatasi lilivyokuwa zito siku hizo. Jirani akiulizwa kwa nini binti yake bado yuko nyumbani, alijibu tu kwamba karatasi hazijatoka, na kila mtu akaguna kwa heshima. Mimi nilidhani karatasi zinaota mahali, kama mahindi, na kwamba huko kwa Mama kulikuwa na ukame.

Siku moja karatasi zikatoka, lakini zikiwa tupu. Zilitakiwa kujazwa.

Mjazaji wetu alikuwa Bwana Ouko wa Kondele. Alikuwa na kibanda cha saiba kati ya kinyozi na muuza viatu, na kompyuta tatu ambazo mbili zilifanya kazi. Alivaa tai hata wakati wa jua kali, kwa sababu, alisema, huwezi kuandikia ubalozi ukiwa kifua wazi. Alitukalisha kwenye benchi, mimi na Oti na Dani, akaanza kutusomea maswali kutoka kwenye kioo, akitafsiri kadiri alivyoweza.

"Huyu msichana amewahi kushiriki vita?"

Dani akanitazama kwa makini. "Vita gani?"

"Vita tu, Mama. Vita, ugaidi, kuua watu wengi."

"Alimpiga mtoto wa jirani na kiatu."

"Hiyo hawajauliza."

"Basi waulize wanataka ipi."

Oti, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, aliulizwa kama ana mke au ameachana na mke, akajifunika uso kwa shati lake. Nilicheka hadi Dani akanifinya. Hiyo ndiyo siku ya furaha kuliko zote ninayoikumbuka pale Kondele. Tulipofika kwenye kisanduku cha uhusiano wetu na mwombaji, Bwana Ouko hakuuliza hata. Aliandika mtoto, mara mbili, mimi na Oti, akaendelea.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo mimi sikulijua wakati huo, ingawa watu wazima wote walilijua na hakuna aliyeliona kuwa siri. Rosa hakunizaa. Aliyenizaa ni dada yake, Adhiambo, aliyefariki nikiwa na miezi mitano. Rosa alikuwa bado akimnyonyesha Oti, akanichukua, akanipa mimi titi la pili. Kwetu dada ya mama ni mama. Hakuna neno lingine utakalomwita mdomoni, na mtoto wa dada yako ni mtoto wako hata dada akiwa hai, sembuse amekufa. Rosa alipoomba safari yake mwenyewe aliulizwa ana watoto wangapi, akaandika wawili. Alipokata cheti changu cha kuzaliwa, kilichochelewa kama vya wengi, aliulizwa mama ni nani, akataja jina lake, na chifu aliyemjua tangu utotoni akagonga muhuri bila kuinua macho. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehisi amedanganya. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya kumwandika mama, na mama alikuwa mmoja.

Baada ya miezi kadhaa ubalozi ukajibu kwamba vyeti havitoshi. Walitaka watoto wapimwe, walinganishwe na mama yao, naye apimwe huko aliko. Bwana Ouko alisoma barua hiyo taratibu. Tulipofika nyumbani Dani, ambaye daima alisubiri kupigiwa, akampigia Mama simu. Niliwasikia wakizungumza Dholuo kwa muda mrefu nyuma ya pazia. Miaka baadaye Dani aliniambia walichojadili. Rosa alisema hakuna cha kuogopa. Yeye na Adhiambo walitoka tumbo moja, baba mmoja, damu ni ileile, mashine itaona nini zaidi ya hapo? Dani naye aliwaza akaona ni kweli, maana yeye ndiye aliyewazaa wote wawili, na hakukumbuka kubadilisha damu katikati. Hivyo ndivyo watu wawili wenye akili timamu walivyokubali kipimo. Hawakujua kwamba mashine inaweza kuwatenganisha dada na dada.

Mimi nilimuuliza Dani wanapima nini. Alikuwa anageuza samaki, akajibu bila kunitazama: "Wanataka kuona kama Rosa yumo ndani yako."

Nikalichukua neno hilo kama lilivyo. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa ameondoka zamani, na nilijua kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwamba nimeanza kuusahau uso wake. Nilikumbuka mkono wake, na namna alivyovuta hewa kabla ya kucheka, lakini uso ulikuwa unafutika kama maandishi ya chaki. Nikaogopa kwamba wakinichungulia ndani watakuta amebaki kidogo mno.

Kipimo kilikuwa wiki moja mbele. Kwa wiki hiyo nzima nilikunywa kila kitu kwa kikombe chake cha bati. Maji, chai, uji, hata dawa ya minyoo. Nilinywea upande uliobanduka rangi kwa sababu niliamini ndipo mdomo wake ulipogusa zaidi. Nilivaa sweta lake mchana, katika joto lile la Nyalenda ambapo hata kuku hukaa na midomo wazi. Jasho lilinitiririka hadi kwenye viatu. Watoto kwenye foleni ya maji walinizunguka wakiuliza kama naugua malaria, au ni mimi ninayetangulia majuu kuijaribu baridi. Niliwaambia wasubiri waone. Nililiweka sweta puani na kuvuta kwa nguvu. Halikuwa na harufu yake tena, lilinuka mgongo wazi kama sisi sote, lakini nilivuta.

Oti alinicheka siku nne. Siku ya tano nilimkuta nyuma ya nyumba amekishika kikombe kwa mikono miwili, anakunywa maji kimyakimya. Aliponiona alisema alikuwa na kiu tu.

Asubuhi ya kipimo tulivaa nguo za kanisa. Pale hospitalini walitupiga picha tukiwa tumeshika karatasi yenye namba, wakachukua alama za vidole, halafu mwanamke mwenye glavu akatupa kila mmoja kikombe cha plastiki chenye maji. Akasema tusukutue midomo na kutema kwenye sinki.

Nilikataa. Nilifunga mdomo kwa mkono. Wiki nzima ya kazi, halafu niiteme? Dani alinisihi, yule mwanamke akanibembeleza, akasema ni ili kipimo kiwe safi. Mwishowe nikachukua maji, nikayazungusha mdomoni kidogo sana, na kwa kuwa alikuwa amesimama ananitazama, nikatema. Niliyaangalia maji yakizunguka kwenye sinki na kushuka. Ndipo kijiti cha pamba, chenye harufu ile ya plastiki mpya na spiriti, kikapita ndani ya shavu langu, huku na huku, kikatiwa kwenye bahasha. Ilipofika zamu ya Oti niliona koo lake likicheza. Alimeza.

Majibu yalikuja wakati wa mvua. Bwana Ouko alituma mtu atuite, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Tulipofika alikuwa amewatoa wateja wengine, na tai yake ilikuwa imelegea. Alisoma jina la Otieno kwanza, akasema sawa, huyu ni wa mama yake. Halafu akasoma langu, akarudia kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Mama," akamwambia Dani, "wanasema Akinyi si mtoto wa Rosa."

Sikumpa Dani nafasi ya kujibu. Nilimshika nguo nikamwambia ni kwa sababu nilisukutua. Nilimwambia Oti alimeza yake, mimi nilitema, ndiyo maana. Nikamwomba awapigie waniruhusu nirudi, wiki moja tu, nitakunywa tena kwa kikombe, na safari hii sitatema hata wakinipiga.

Bwana Ouko aligeukia kompyuta yake iliyozimwa, akakaa akiitazama.

Dani alinitoa nje, akanikalisha kwenye benchi la kinyozi chini ya mabati yaliyokuwa yanapigwa na mvua, na ilibidi aniambie kwa sauti kubwa ili nimsikie. Hivyo habari ya kuzaliwa kwangu niliipata ikipazwa Kondele, watu wakipita na viatu mkononi. Aliniambia kuhusu Adhiambo. Aliniambia alikuwa mrefu, alipenda ubishi, na kwamba mashavu haya ni yake. "Adhiambo alikuzaa. Rosa ni mama yako. Yote ni kweli. Hao watu hawana mahali pa kuandika yote mawili, basi."

Nilimuuliza kama Oti anajua. Akasema Oti amejua tangu jana; wito wa Bwana Ouko ulipofika yeye Dani alishuku, akamwambia Oti kwanza kwa kuwa ni mkubwa, na Oti alilia hadi akatapika. Hilo lilinishangaza kuliko yale mengine.

Mambo hayakuishia hapo. Ubalozi ulitaka kujua kwa nini Rosa aliandika watoto wawili akiwa na mmoja. Wakili wa huko alimwambia kuna njia moja tu. Aandike taarifa na kuapa kwamba aliandika vibaya, kwamba Akinyi ni mpwa, si mtoto, na amwondoe kwenye maombi. Asipoandika, maombi ya Oti yatafungwa pamoja na yangu, na kibali chake mwenyewe kitaangaliwa upya. Alipewa wiki chache. Jumapili ya kwanza hakuwa ameandika. Jumapili ya pili pia.

Jumapili ya tatu Dani aliweka simu juu ya kopo lililopinduliwa ili sote tusikie. Oti alisimama mlangoni, mgongo kwetu, akibandua kutu kwenye bati kwa ukucha. Mama alisema taarifa iko mezani, imebaki sahihi.

"Weka basi," Dani akasema.

"Nitaapaje hivyo, Mama? Siku nikirudi nitamtazama na macho gani?"

"Na Otieno?"

Tulisikia kitu kama upepo kwenye simu. Niliwatazama wote wawili, Dani aliyekuwa ameinamisha kichwa, na Oti ambaye mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni, nikaelewa kwamba kila mtu alikuwa ananisubiri mimi na hakuna aliyetaka kuniomba. Nikaichukua simu.

"Mama."

"Eeh, nyathina." Nyathina ni mtoto wangu. Hakuwahi kuniita vingine.

"Andika."

"Unajua unaniambia nini?"

"Najua. Dani amenieleza. Oti anataka kuja. Andika tu, mimi nitajua si ukweli."

Alilia. Nilimngoja. Nilikuwa na miaka tisa na nilimngoja mtu mzima amalize kulia, na tangu siku hiyo sijawahi kuona kazi yoyote kuwa ngumu. Kisha nikamwambia nina sharti moja, kwamba akishaandika asibadilishe vile ananiitanga. Akasema hatabadilisha. Akaweka sahihi siku iliyofuata.

Oti aliondoka likizo ya Agosti. Visa yake ilikuwa imebandikwa kwenye pasipoti kama stika, inang'aa ukiigeuza, na aliniruhusu niiguse mara moja tu, halafu akajuta akaniruhusu tena. Kwenye stendi ya basi alitaka kuniachia saa yake ya plastiki. Nilikataa. Nilimwambia huko atahitaji kujua wakati wa kunipigia simu. Basi lilipogeuka nilirudi nyumbani na Dani, tukawasha jiko, kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha kununuliwa.

Watu huniuliza, wewe mwenye diploma na pasipoti mbili zilizojaa, mbona hukumfuata? Niliomba. Niliomba mara tatu, mara zote kutembelea tu, nikijaza fomu kwa mkono wangu bila kusaidiwa na mtu. Nilikuwa na mkataba wa kazi, barua za waajiri, kila kitu. Kila mara jalada la zamani lilifunguliwa: huyu aliwahi kuombewa kama mtoto ambaye si mtoto. Nchi nyingi zilinipokea, baadhi ziliniomba nibaki. Ile moja haikunipokea. Mama alikuja mara mbili, mara ya pili kumzika Dani, na mara zote alikuwa na tiketi ya kurudi na wazee wa watu wanaomngoja. Nikijumlisha siku zote nilizokaa naye tangu darasa la kwanza, hazifiki mwaka.

Mwaka huu amestaafu. Alishachukua uraia wa huko zamani, na pasipoti yake ya Kenya iliisha akaiacha, kwa hiyo ili aje Kisumu ilibidi aombe ruhusa kama mgeni yeyote. Hajui mambo ya mitandao. Akaniambia nimjazie. Nikakaa ofisini kwangu, mitambo ikinguruma nyuma ya ukuta, naye akiwa kwenye simu akinisomea namba za pasipoti moja moja. Fomu ikataka barua ya mwenyeji, yenye jina, anwani, na uhusiano wake na mgeni.

"Nimefika kwenye uhusiano," nikamwambia.

Nilisikia anavyopumua. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu dukani bila uhakika kama kipo, "Wanaweza kupima?"

"Hawapimi. Hapa wanauliza tu."

"Basi wewe ndiye mwenye kalamu."

Niliandika kwamba mgeni ni mama yangu mzazi na mimi ni binti yake. Niliisoma mara mbili, nikagonga muhuri wa kampuni yangu juu yake, muhuri ambao nimeulipia mwenyewe, na kutuma. Ruhusa ilikuja baada ya siku tatu. Inasema anaweza kukaa siku tisini.

Asubuhi hii nimemkuta jikoni kwangu ameamka kabla yangu. Amechemsha viazi, amesimama katikati ya makabati yangu yote mazuri, mikono imening'inia, hataki kufungua cha mtu bila kuuliza. Akaniuliza chumvi naiweka wapi. Nilimwonyesha. Halafu nikamwonyesha na sukari, na majani ya chai, na mahali vijiko vinapokaa, nikifungua droo moja baada ya nyingine, taratibu, ili asilazimike kuniuliza tena.